Barua Mbili za Dobi

Dobi wa hospitali alikuwa mwanamke wa kufua shuka zenye damu bila kukunja uso. Lakini siku ya kumwomba msimamizi wake barua ya kazi ya kuombea viza, alifika mlangoni akarudi mara mbili. Binti yake wa pekee, aliyeolewa ughaibuni, alikuwa na mimba ya mapacha, na daktari alimkataza hata kusimama. Binti alimtaka mama yake.

"Wawili niliwaandikia," msimamizi alisema bila kuinua macho. "Mpaka leo hawajarudi. Aibu nikabaki nayo mimi."

"Mimi nitarudi, bosi."

"Nao walisema hivyohivyo."

Hata hivyo aliandika: miaka kumi na moja kazini, likizo ya wiki tatu, nafasi yake itamsubiri. Akagonga muhuri.

Mkwewe naye alituma barua ya mwaliko na nakala ya kibali chake cha kuishi huko. Dobi akazitia zote kwenye bahasha, akaikumbatia kama mtoto mchanga.

Kwenye foleni ya ubalozi ndipo alipozisoma pamoja kwa mara ya kwanza. Mkwe aliandika kwamba mgeni wake atakaa miezi miwili. Akarudia ya msimamizi: wiki tatu. Ampigie? Simu ilikuwa kwa mlinzi getini. Afute? Akaogopa. Anyamaze? Akaogopa zaidi. Namba yake ikaitwa.

"Utakaa muda gani?" afisa aliuliza nyuma ya kioo.

Dobi akazisukuma barua zote mbili chini ya kioo. "Wiki tatu. Mkwe wangu aliandika kabla sijapewa ruhusa. Amekosea, baba, hajadanganya."

Afisa akampigia msimamizi palepale. Dobi akatega sikio. Alichosikia kwa afisa ni "Ndiyo," kisha "Una hakika?" Simu ikawekwa.

"Nenda. Tutakujulisha."

Siku kumi na mbili alifua akisubiri. Ya kumi na tatu pasipoti ikaletwa kazini ndani ya bahasha. Aliigeuzageuza mpaka msimamizi akamnyang'anya bahasha, akaifungua mwenyewe.

"Umepata," alisema. "Waliniuliza kama nakuamini, nikasema ndiyo. Sasa hofu imehamia kwangu."

Dobi akaketi juu ya furushi la shuka, akampigia binti yake. Simu iliita, ikaita tena, na kila mlio ulimletea wazo baya kuliko la kwanza.

"Mama?"

"Nakuja, mwanangu. Lala hivyohivyo. Nakuja."