Mbegu Niliyokataa Kuuza

Mimi si mpole, na sijawahi kujifanya. Kwaya ya kanisa letu hapa Dundori inajua. Jirani yangu wa upande wa chini anajua zaidi, kwa sababu ndiye aliyeusogeza mpaka wa shamba langu hatua mbili nikimtazama. Tuligombana hadi sauti zikatukauka. Tangu siku hiyo tulisalimiana Jumapili tu, tena kwa kuwa mchungaji alikuwa akituangalia.

Kwa hiyo alipokuja mlangoni kuniomba nimuuzie viazi vya mbegu, nilijua shida imembana. Viazi vyangu vilisifika. Msimu ule nilikuwa nimevilea kwa ajili ya binti yangu, aliyekaa nyumbani mwaka mzima akingoja karo ili arudi chuo cha uuguzi mjini Nakuru. Mbegu ikiuzwa, anarudi. Nilimwambia jirani aje Jumamosi, tukishachimba.

Alhamisi adhuhuri nikaona mashina matatu yamelala. Majani yalikuwa bado mabichi na udongo una unyevu, kwa hiyo haikuwa kiu. Afisa wa kilimo alishatufundisha cha kufanya: kata kipande cha shina, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ungoje. Kama ni ugonjwa wa mnyauko, uzi mweupe kama maziwa utashuka majini. Na ukishuka, mbegu ya shamba hilo haifai kupandwa popote, hata ikionekana nzuri, kwani itaupeleka ugonjwa kwenye udongo wa mwingine, na udongo huo utachukua miaka kupona.

Niliweka glasi juu ya meza ya jikoni. Uzi ulishuka kabla sijamaliza kusali Baba Yetu.

Nitasema ukweli wote. Sikufikiria karo kwanza. Nilifikiria shamba la jirani yangu, pamoja na zile hatua mbili, likinyauka lote. Hakuna ambaye angejua mbegu ilitoka na ugonjwa kwangu. Nililifurahia wazo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mwanakwaya. Kisha nikaona aibu, nikapiga magoti pale pale sakafuni na kumwambia Bwana kwamba sitaki, lakini nitafanya lililo sawa. Yeye aliteswa bila kosa wala hakulipiza, na mimi nilikuwa naombwa niache kuuza viazi tu.

Binti yangu akaingia, akaiona glasi. Aliijua maana yake, tulihudhuria mafunzo yale pamoja.

"Mama, si uuze tu? Ni mashina tatu peke yake."

"Na wewe unataka kurudi chuo kusomea nini?"

Aliketi mezani. Baadaye akalia, nami nikalia naye.

Jumamosi jirani alikuja na magunia yake. Nilikata shina lingine mbele yake, tukatazama uzi ukishuka.

"Kwa hivyo hautaniuzia?"

"Simuuzii mtu yeyote."

Badala ya asante, alikwenda kutangaza kwamba shamba langu limelaaniwa. Kufikia Jumapili hakuna aliyetaka hata kabeji zangu. Viazi tulivila wenyewe hadi tukavichoka, maana mnyauko haumdhuru mlaji. Nilipanda mahindi, kisha nikaenda kupalilia mashamba ya watu, nikiinama kando ya wanawake waliokuwa wateja wangu. Kila siku nilirudi nyumbani mgongo ukiniuma na ulimi nimeufunga, jambo ambalo kwa anayenijua ni muujiza. Binti yangu alipoteza mwaka mwingine. Alirudi chuoni nilipouza ng'ombe wangu wa pekee, mtamba. Niliumia, tena sana, lakini sikujuta hata siku moja.

Mwaka huu, asubuhi moja, jirani alisimama tena mlangoni pangu. Mkononi alikuwa na shina la kiazi na mizizi yake, amelifunga kwa leso.

"Hii imelala tangu jana. Nipimie."

"Si kuna afisa?"

"Afisa simjui. Wewe ungeweza kunidanganya na hukunidanganya."

Nilijaza glasi, nikakata shina, nikalining'iniza. Nikamwekea na chai. Tulikaa tukitazama maji. Nilijichunguza moyoni kama bado natamani ule uzi ushuke, nikajikuta naomba usishuke.

Chai ikapoa. Maji yalibaki safi.

"Ni mdudu amekata mzizi," nikamwambia, nikimwonyesha palipotafunwa. "Shamba lako ni zima."

Akalaza kichwa mezani, akalia kama mtoto. Alipoinuka alijipangusa kwa ile leso yenye udongo, akaanza, "Sasa ile mpaka..."

"Kunywa chai kwanza," nikasema. "Mpaka tutaupima kesho."