Fundi Asiye na Kovu

Anayetafuta fundi cherehani humtazama nguo aliyoivaa, na anayetafuta kinyozi humtazama kichwa. Lakini anayetafuta fundi wa kukata miti humtazama majeraha. Hapo ndipo ilipoanzia shida ya Taratibu.

Taratibu alikuwa akiangusha miti kwa chenso, ule msumeno wa injini unaonguruma kama pikipiki iliyochokozwa, tangu hajaoa, na mwili wake ulikuwa mzima kama wa karani wa benki. Hakuugusa mti kabla ya kuuzunguka, shingo juu, akitafuta tawi kavu lililoning'inia, akiangalia mti unaegemea wapi na upepo unatoka wapi. Kisha alisafisha njia ya kukimbilia, kinyume na upande wa kuangukia na pembeni kidogo, akiondoa kila jiwe na kila kopo. Ndipo alipovaa kofia ngumu, glavu na suruali yake nene, huku mteja akipiga miayo. Jina la Taratibu alipewa na wateja hao.

Mshindani wake, mtaa wa pili, aliitwa Vidole Saba, na jina lilijieleza. Alikuwa na kovu shavuni na jingine pajani, ambalo alilionyesha hata asipoombwa. Watu walimwangalia, wakatikisa kichwa kwa heshima: "Huyu kazi anaijua. Kazi imemla."

Taratibu walimtazama mikono, wakauliza kwa upole, "Samahani, fundi, umeanza lini?"

Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kizuri kilikuwa kimekaa kibarazani kikinoa mnyororo wa chenso, na kibaya kilikuwa kinakata miti ya mji mzima.

"Baba watoto," mkewe alimwambia siku moja akichambua mchele, "kwani ukichechemea kidogo utakufa?"

"Nichechemee nini na miguu yangu mizima?"

"Ndiyo maana. Wewe unauza uzima, na watu wanataka kununua msiba."

Taratibu alicheka, kisha akakasirika. Kesho yake alipita sokoni akiburuta mguu wa kushoto. Hakumdanganya mtu kwa mdomo. Aliulizwa tu, "Ni mti uliokuumiza, fundi?" naye akaguna. Guno likafanya kazi ambayo miaka ya uangalifu haikuifanya. Kabla jua halijazama, muuza vitambaa mmoja, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa amemwita akaangushe mti mkubwa nyuma ya nyumba yake.

"Nimekuchagua wewe," mama alimwambia, "kwa sababu aliyeumwa na nyoka hutembea kwa macho."

Taratibu aliuzunguka mti akichechemea, kazi iliyochukua muda mara mbili. Akasafisha njia yake ya kukimbilia, akamwomba mama akae mbali, kwenye kona ya uzio. Akakata mdomo upande wa kuangukia, kama kipande kilichotolewa kwenye tikiti, kisha akahamia nyuma kukata kuelekea kwenye mdomo ule, akikusudia kubakiza ukanda mwembamba wa kuushika mti kama bawaba inavyoshika mlango.

Unga wa mbao uliokuwa ukiruka mweupe ukaanza kutoka mweusi kama kahawa. Moyo wa mti ulikuwa umeoza. Taratibu alielewa papo hapo kwamba bawaba yake haina kitu ndani. Mti ulilia mlio mmoja mkavu. Aliiacha chenso pale pale, akageuka, akatimka. Nyuma yake kisigino cha shina kiliruka juu ya kisiki, kikatua pale alipokuwa amesimama. Mti wenyewe ukalala karibu kabisa na alipotaka ulale.

Hakuna aliyeumia. Ila wanasema njia ya mwongo ni fupi, na ya Taratibu ilikuwa fupi kuliko zote: iliishia kwenye kona ya uzio, alipofika mbio kama swala na kusimama mbele ya mama, mzima, akitweta.

"Fundi," mama alisema, "na mguu?"

"Umepata nafuu, mama," alijibu.

Kufikia jioni, nusu ya mji ilikuwa inamwigiza. Kwamba mbio zile ndizo zilizomwokoa, hakuna aliyelisema. Walisema tu kwamba anayeweza kukudanganya kwa mguu atakudanganya na kwa mti. Taratibu akarudi kibarazani. Mkewe alimtengea chakula, akamwongezea kipande cha nyama, na kwake huko kulikuwa kuomba radhi.

Wiki ile ile Vidole Saba alikuja mwenyewe, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuposa.

"Ndugu yangu, nina mti. Umeinamia jiko la mama yangu."

"Si wewe ni fundi?"

Vidole Saba alitazama chini. "Kwa watu, ndiyo. Kwa mama yangu naomba fundi."

Taratibu angeweza kumcheka hadi kesho. Badala yake alichukua kamba, kabari na kofia yake. Mti aliuzunguka hadi mama mtu akauliza kama kijana ana kizunguzungu, kisha akaulaza kwenye bustani. Jikoni, sufuria hazikutikisika.

Tangu hapo wanafanya kazi pamoja. Vidole Saba huenda kwa wateja na kuwaonyesha mkono, nao hukubali palepale. Siku ya kazi Taratibu hufunga kamba mbali na mti, umbali wa mara mbili ya urefu wake, na kumwamuru mwenzake asiivuke. Zamani, alipofanya kazi peke yake, watu waliirukaruka kamba hiyo kama watoto wanaocheza. Siku hizi Vidole Saba hukaa nyuma ya kamba na kusimulia vidole vilivyokwenda, kila siku kisa kipya: leo mwembe, kesho mamba. Watazamaji humzunguka wakiwa wameupa mti mgongo, mdomo wazi, na hakuna anayesogea hata hatua moja hadi mti ulale.