Kitanda cha Mke wa Fundi

Vitanda vya chuma vya nusu ya mtaa ule alivichomelea yeye, lakini kutandika hata kimoja fundi hakujua. Kila asubuhi alikurupuka kama nyumba inaungua, shuka huku, mto kule, akajimwagia maji na kwenda zake karakana. Nyuma mkewe alikung'uta shuka, akalivuta hadi likanyooka, akachomekea pembe zote nne.

"Mama watoto, unajichosha bure," fundi alizoea kumtania. "Si jioni tutakivuruga tena?"

"Basi na sahani yako nisiioshe, maana kesho utaichafua."

Watoto wakakua, wakahamia kwao, utani ukabaki uleule. Kisha siku moja, akiwa anaanika nguo, mkewe alianguka uani. Kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali, mkono na mguu wa kulia vilikuwa havimsikii, na maneno yalimtoka kwa shida.

Binti yao alimuuguza mama yake kwa muda, lakini naye alikuwa na watoto wake wadogo, ikabidi arudi. Fundi akafunga karakana. Alipika uji, akamwogesha mkewe, akampa dawa kwa saa zake. Kitanda tu hakukigusa. Angekitandika vipi na mwenyewe yumo ndani?

Mkewe akaanza kukataa kula. Ukimletea uji, anageukia ukutani. Fundi akadhani sukari imepungua, akaongeza. Wapi! Mwishowe akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mke wangu, nimekukosea nini?"

"Ki... tanda."

"Kina nini?"

Akamweleza kidogo kidogo, akipumzika kila baada ya maneno mawili, jambo ambalo katika ndoa yao yote hakuwahi kulitaja. Alikuwa msichana mdogo mama yake alipougua. Mama alilala, akalala, na kitanda chake hakikutandikwa tena mpaka siku walipomtoa kwenda kuzikwa. Tangu hapo yeye kila akiamka alikimbilia kutandika, ajionee kwa macho yake kwamba nyumba haina mgonjwa.

Fundi aliinuka. Akapitisha mikono chini ya mgongo wa mkewe, akamnyanyua taratibu na kumketisha kwenye kiti karibu na dirisha, mito huku na huku asije akayumba. Kisha akakivamia kitanda. Shuka likaenda upande, blanketi likabururika sakafuni, jasho likamtoka kuliko mbele ya moto wa karakana.

"Vuta," mkewe akasema. Halafu, "Huku!" Halafu sauti ikapanda ghafla: "Siyo hivyo, baba!"

Fundi akageuka. Tangu aanguke, mkewe hakuwahi kumkaripia. Karipio lile lilimwingia moyoni kama habari njema.

Alipomaliza, kitanda kilikuwa na mabonde na milima. Mkewe akakitazama kwa muda, kisha akaomba uji.

Ikawa hivyo kila asubuhi: kwanza kiti, kisha kitanda, ndipo uji. Mkono wa kulia haukurudi, lakini mguu ulianza kutii, akaweza kusimama na fimbo. Siku moja akaiegemeza ukutani, akaegemeza kiuno kwenye chuma cha kitanda, na kwa mkono wake mzima akakamata pembe ya shuka. Fundi akashika ya pili.

"Polepole," mkewe akamwambia. "Unavuta kama unang'oa geti."

Akavuta polepole.