Pumzi Katikati ya Neno

Kikundi chetu kilikuwa cha watu wanne, na besi alikuwa mume wangu. Mimi niliimba alto. Tuliimba bila kinanda, kwenye jubilei na misiba, toka Tarakea hadi Chekereni kwenye mashamba ya mpunga, na majirani walishazoea kutusikia tukifanya mazoezi huku tukichuma kahawa kihambani.

Kifua ndicho kilichomtesa mume wangu. Wimbo wetu wa kumpokea Mwokozi ulikuwa na mstari mrefu unaoishia "tumekuja kukulaki", na pumzi ilimwishia kabla ya neno kwisha. Basi anaimba "tumekuja kukula", anavuta hewa, ndipo anamalizia "ki". Siku tulipomwimbia askofu, kanisa zima liliangua kicheko, na askofu mwenyewe akajishika tumbo. Toka hapo soprano wetu hakumpa nafasi: "Meku, leo unamla nani?" Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilitaka neno liimbwe zima, nikamsumbua nalo hadi mezani.

Tulipokwenda kurekodi mjini, fundi alitaka kuiondoa ile pumzi. Mume wangu akakataa.

"Iache, bwana. Na mimi nimo humo."

Alifariki wakati wa masika. Kikundi nacho kikafa, maana sisi watatu hatukuwa na pa kusimamia. Nilijaribu mara moja kuusikiliza ule wimbo. Ulipofika kwenye ile pumzi nikazima simu, nikalia mpaka nikachoka.

Mwaka huu vijana wa kwaya moja ya mtaa wa Soweto, kule mjini, waliniita niwasikilize, kwani askofu atawatembelea na wimbo ni ule ule. Waliujifunza kwenye rekodi yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Haya, imbeni."

Wakaimba vizuri, niseme kweli. Walipofika "tumekuja kukula", wote wakanyamaza, wakavuta hewa kwa pamoja, wakamalizia "ki". Hakuna aliyecheka. Walidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Mwalimu wao akanigeukia. "Mama, pale katikati tumepatia?"

Neno lile nililipigania miaka yote lisikatwe.

"Mmevuta fupi," nikasema. "Ngojeni kidogo. Yeye alikuwa anakawia kurudi."

Wakarudia. Nikaimba nao alto yangu, nikavuta hewa pamoja nao, na kwenye "ki" nikashindwa.