Nilivyotema whisky ukweni hapa Kamina, na swali aliloniuliza mzee

Wakuu, poleni na majukumu.

Nawasoma sana kwenye nyuzi za vinywaji, mkisifia hiki na kuponda kile. Leo nami natoa langu. Yaliyomo ni kweli tupu, na sehemu inayoniaibisha sijaikata.

Niko Kamina, Haut-Lomami, Congo. Natengeneza simu na redio karibu na lango la base, ile kambi kubwa ya jeshi. Baba alikuwa askari, ndivyo tulivyofika huku. Kiswahili hiki cha kuandika nimejifunza kwenu humu jukwaani. Nyumbani tunaongea kingine, mtakiona huko mbele.

Haya, twende.

Wapenzi wa whisky tuko watatu. Yupo Mama Béa, mke wa sajini, anauza vinywaji soko la base. Yupo Ilunga, mkaguzi wa mabehewa stesheni, mtoto wa reli tangu tumboni. Na mimi, mjuaji wao.

Tulianza kwa ubishi. Ilunga alidai whisky zote ni moja, kinachobadilika ni lebo. Mama Béa akafunga chupa tatu kwa magazeti, akatumiminia, akasema haya tuambieni ipi ni ipi. Tuliumbuka wote wawili. Ile niliyoapa kwamba imetoka Uskoti ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote kibandani kwake.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa tunakutana nyuma ya kibanda. Sheria ni moja: chupa isizidi bei ya gunia la makaa, na tunachanga.

Glasi zetu ni zile ndogo za chai. Unamimina kidogo, unaiacha itulie, unanusa huku mdomo umeachama kidogo. Unaongeza tone la maji. Unazungusha mdomoni.

Halafu unatema.

Msinicheke. Ilunga huwa anaingia zamu mchana, na mkaguzi wa mabehewa hawezi kwenda kazini kalewa. Mama Béa ana wateja wa kuhudumia. Tuliona kwenye video mabingwa wa Ulaya wanaonja chupa kumi na kutema zote, tukasema kumbe dawa ndiyo hii. Tukaweka katikati kopo tupu la maziwa ya unga, kila mtu anatemea humo. Ikafika mahali mkono wangu unalifuata lile kopo wenyewe, hata sijafikiri.

Kwa wale watakaouliza ipi nzuri kwa mfuko mwembamba: majina sitaji, nisije nikaonekana natangaza biashara za watu. Ila angalieni kizibo kwanza, kama kimelegea ama kina gundi mpya, rudisha. Ya bei ndogo ionje bila soda, maana soda inaficha ubaya na inaficha uzuri pia. Na ikikuchoma, usiihukumu kabla ya kuipa tone la maji. Nimeshaona chupa ya kuchekwa ikigeuka na kunukia ganda la ndizi mbivu.

Sasa tuje kwa Mujinga.

Mujinga ni mwalimu wa shule ya msingi, na mimi nampenda, sina namna nyingine ya kulisema. Baba yake, Papa Kabamba, ni mstaafu wa reli. Ilipofika zamu yangu ya kwenda kujitambulisha rasmi, Mujinga alinionya kwamba baba yake hasikilizi hotuba. Anamtazama mtu anachofanya, basi.

Huku kwetu hauendi ukweni mikono mitupu, kinywaji ni lazima. Na kuna desturi: anayekileta ndiye anayekunywa wa kwanza, mbele ya macho ya wote, na anameza. Maana yake ni kwamba humu ndani hakuna ubaya, na kama upo, nife mimi kwanza. Kwa familia ya Mujinga hili si mchezo. Kuna ndugu yao alikunywa kwenye sherehe huko Kabondo-Dianda, asubuhi hakuamka, na mpaka leo hawajui alipewa nini.

Yote hayo niliyajua wakuu, hakuna aliyenificha.

Chupa niliitafuta wiki tatu. Mama Béa aliagiza ije na treni kutoka Lubumbashi. Tulionja nyingine ya aina hiyo kabla, Ilunga akaipa kura, mimi nikaipa mbili. Ina asali mbele, ina mbao nyuma. Nilijisikia bingwa.

Siku ikafika. Mjomba wangu alikuja kwa pikipiki kutoka Kaniama kuwa msemaji wetu. Sebuleni kwao alikuwepo Papa Kabamba, shangazi wa Mujinga ambaye ni mama wa kanisa mwenye sauti, na wazee wawili. Maneno yakaenda vizuri. Chupa ikafunguliwa, nikapewa glasi nionje wa kwanza.

Nikainusa. Wazee wakatazamana. Nikaizungusha kwenye glasi, nikaivuta mdomoni, nikaisikilizia. Asali ipo, mbao ipo.

Mkono ukatafuta kopo la maziwa. Kopo halikuwepo.

Mdomo ulishajaa, akili ilishalala. Nikageukia mlango uliokuwa wazi, nikatema nje.

Nilikuja kuzinduka nikiwa nafuta midomo. Mjomba alikuwa ameshika kichwa. Shangazi akasimama.

“Weye njo unaileta, weye njo unaitema,” alisema, yaani wewe ndiye. “Juu ya nini? Iko nini mule?”

Nikaanza kueleza habari za video na mabingwa wa Ulaya. Jamani, kuna maelezo yanayozidi kukuzamisha. Kadiri nilivyosema kwamba kutema ni heshima kwa kinywaji, ndivyo wazee walivyosogeza glasi zao mbali.

Papa Kabamba hakupandisha sauti. “Mufunike ile chupa,” alisema. “Bageni barudie kwabo.”

Tukaondoka na chupa yetu. Kesho yake mjomba alirudi Kaniama bila kuniaga vizuri.

Nawaambia ukweli, niliumia. Wiki mbili Mujinga hakupokea simu. Mama Béa alifunga kikao chetu mwenyewe, akisema ile starehe yetu imekula ndoa ya mtu. Nilikaa dukani nafungua redio za watu na kuzifunga bila kuzitengeneza. Nilijiona mjinga aliyejifunza kila kitu kuhusu kinywaji, akasahau kinanywewa na watu.

Siku ya kumi na tano Mujinga akapiga. Hakunisalimia.

“Papa anauliza kintu moja tu,” alisema. “Pale ulitema, ulikuwa unatafuta nini mule ndani?”

Nikamwambia: asali na mbao.

Nikasikia anamweleza mzee pembeni. Kisha akarudi na agizo: Jumapili nije na chupa ileile, na wale wenzangu, na kila kitu tunachotumia. Kila kitu.

Tukaenda, Mama Béa na chupa zake nne zilizofungwa magazeti, yangu ikiwemo, Ilunga na glasi, mimi na kopo la maziwa nikilibeba kama mtuhumiwa anayepeleka kidhibiti. Tukavipanga vyote mezani. Tukamwonyesha mzee hatua kwa hatua, na tulipofika kwenye kutema, nikamweleza kwamba Ilunga anaenda kukagua mabehewa.

Hapo uso wa mzee ukabadilika. Kumbe kazi yake miaka yote ilikuwa hiyohiyo. Akamuuliza Ilunga maswali ya kikazi mpaka nikahisi tumesahaulika. Kisha akavuta glasi ya kwanza, akafumba macho, akanusa.

Wakuu, yule mzee ana pua. Alikaa na kila glasi kama anasikiliza taarifa ya habari. Ya tatu akaishika muda mrefu.

“Hii iko na harufu ya essieu yenye inaanza kupata moto,” alisema, yaani ekseli ya behewa. “Train ilikuwa inapita, minyi nafunga macho, nawaambia ni wagon gani.”

Ilunga alinusa tena, akatikisa kichwa, akakubali. Ni ule moshi ambao sisi tulikuwa tunauita makaa. Sisi tulitumia miezi kuupatia jina, yeye dakika moja.

Akazipanga. Ya kwanza kwake ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote, ileile iliyoniumbua siku ya kwanza. Ya kwangu ya wiki tatu ilishika mkia. Mama Béa alicheka mpaka akafuta machozi.

Halafu mzee akaivua gazeti chupa yangu. Akamimina glasi moja. Mimi nikanyoosha mkono, maana mleta kinywaji ni mimi. Akaurudisha mkono wangu.

Akanywa yeye. Akameza, taratibu, akituangalia mmoja mmoja. Akamimina tena glasi ileile, akanipa.

“Minyi nimekunywa kwanza, nimemeza, bote bameona,” alisema. “Sasa weye kunywa. Na usiteme.”

“Eyo vidye,” nikamjibu, yaani ndiyo mheshimiwa, ile heshima ya Kiluba.

Shangazi aliinuka, akachukua kopo la maziwa pale mezani, akalitoa nje, akarudi akasimama mbele yangu kuangalia koo langu.

Nikameza yote. Machozi yalinitoka na si kwa ukali wa whisky.

“Amemeza,” shangazi akawatangazia wazee, akakaa.

Nilichojifunza: kuonja ni kwangu, ila kumeza ni kwa ajili ya waliokaa nami. Kwenye kibanda tema upendavyo. Ukweni, meza.

Harusi ni baada ya mavuno ya mahindi. Jumapili sasa tuko wanne, na Papa Kabamba ndiye mwenye kura ya mwisho. Kopo letu hatukurudishiwa, shangazi amepandia vitunguu.

Kwenu je, anayeleta kinywaji hunywa wa kwanza? Na kwa bei ya gunia la makaa mnanywa ipi? Semeni, mzee ameniagiza nimsomee majibu yote.