Zamu ya Binti wa Mwalimu

Mwanamke huyu alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na ukimwona akitoka kazini saa nane mchana ungedhani yeye mwenyewe amepitishwa kwenye mashine pamoja na mashuka. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Miguu ilikuwa imemvimba kuanzia vifundoni, mikono ina makovu madogo madogo ya mvuke, na mgongo umezoea kuinama hivi kwamba kusimama wima lilikuwa jambo la kupanga. Kazini walimwita Bi Mvuke. Mtaani, vijana walimwita Mwalimu, ingawa chuo cha ualimu alikifahamu kwa kupita nje ya ukuta wake tu.

Ualimu wake ulikuwa wa maigizo. Siku nne kwa wiki, akitoka hospitali, hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa mtaa, akapanga viti kwa duara, akafagia mavi ya popo, kisha vijana wakaanza kuingia mmoja mmoja: wanafunzi, wasusi, waliomaliza shule na kukaa. Waliigiza, waliimba, waliandika mambo yao kwenye madaftari na kuyasoma kwa sauti za kutetemeka. Miaka kumi na tisa sasa. Wa kwanza kabisa walikwisha kuwa wazazi, na wengine walimletea watoto wao.

Mlinzi wa ukumbi, mzee waliyemwita Mzee Funguo kwa sababu alitembea na funguo thelathini kiunoni na bado ule wa choo hakuwa nao, alikuwa akimtazama akishuka kwenye ngazi kwa kushika ukuta.

"Mwalimu, wewe utakuja kuanguka hapa, nami nitakuandika kwenye daftari la vifaa vilivyoharibika."

"Niandike tu, mzee wangu. Ila uweke na kwamba kilikuwa kifaa kizuri."

Walicheka, lakini kicheko cha Mwalimu kilikuwa kifupi. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, unaolala nao ukaamka umekwisha. Huu alikuwa akilala nao na kuamka nao kama mume. Kuna siku kijana alimsomea shairi alilolitolea jasho wiki nzima, naye akajikuta anahesabu mabati ya paa. Kijana alipomaliza, akasema "vizuri sana, mwanangu," na moyo ukamsuta mpaka jioni.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa bado kinamwamsha: zoezi la kiti. Aliweka viti viwili katikati ya duara, vinatazamana. Kimoja unakikalia wewe. Cha pili hakina mtu, ila unamweka hapo kwa mawazo yule ambaye hujawahi kuthubutu kumwambia jambo fulani, kisha unamwambia. Sheria ilikuwa moja. Ukimaliza, hakuna anayekujibu, hakuna anayekushauri, hakuna anayekuuliza kwa nini. Duara zima linasema neno moja, "Tumesikia," basi. Msichana mmoja aliyeitwa Kimya, maana alikaa kikundini miezi mitano bila kufungua mdomo, alianzia hapo. Siku alipokalia kile kiti alisema robo saa nzima, na tangu hapo jina likabaki kuwa utani, maana kumnyamazisha ndiko kukawa kazi.

Sasa Mwalimu huyu alikuwa na mtoto mmoja, binti, fundi wa simu mwenye kibanda chake karibu na soko. Baba yake alifariki binti akiwa na miaka saba. Baada ya mazishi, nyumba ilijaa ukimya ambao mama hakuuweza. Alikuwa akiingia, anasikia saa ya ukutani inavyopiga, anatoka tena. Ndipo alipoanza kukaa ukumbini na watoto wa watu, kwanza wanne, baadaye kumi, baadaye wasiohesabika. Watu walimsifu wakasema mama yule ana moyo. Na kweli alikuwa nao. Lakini ule ukimya aliokuwa anaukimbia, kuna mtu alibaki nao nyumbani.

Binti alikua vizuri, hakumsumbua mtu. Alipata fundi wa kumfundisha kazi, akahamia chumba chake. Miguu ya mama ilipoanza kuvimba akarudi nyumbani bila kuombwa, akaweka begi lake mlangoni na kusema, "Nitakaa kidogo." Wakaishi pamoja kama watu wa zamu mbili za kiwanda kimoja.

"Umekula?"

"Nimekula. Dawa umemeza?"

"Nimemeza."

Hapo mazungumzo yamekwisha, na kila mtu anatafuta kazi ya mikono.

Alhamisi moja mama alikuwa na miadi kwa daktari wa miguu saa kumi alasiri. Alikuwa ameikosa mara mbili. Safari hii binti alifunga kibanda mapema, akiacha simu tatu zimefunguliwa matumbo mezani, akaja ukumbini kumchukua mwenyewe. Alimkuta mama yake ameketi kwenye duara na vijana kumi na saba, zoezi la kiti limepamba moto. Mama alimwona mlangoni. Akainua kiganja.

"Subiri kidogo, mwanangu."

Binti akasimama, ameegemea mlango. Saa tisa na nusu. Saa kumi kasorobo. Siku hiyo Kimya ndiye aliyekuwa anagawa zamu, naye hakumjua dada huyu; alimwona tu mtu amesimama amekunja mikono, uso umekaza, akadhani ni mgeni anayeona haya.

"Dada uliyepo mlangoni, karibu. Zamu yako."

Mama akafungua mdomo aseme huyo si wa kikundi, ni bintiye, wana safari. Kabla hajasema, binti alikwisha kuingia. Akaketi. Hakumtazama mama yake hata mara moja. Alikitazama kile kiti kisicho na mtu.

"Mama," akaanza, na Mwalimu akahisi miguu imeacha kuuma ghafla, kama si yake. "Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mambo ya kike yalinikuta darasani, sijui ni nini, nikajua nakufa. Nilijifunga sweta kiunoni, nikaja mpaka kwenye mlango huu. Wewe ulikuwa umemshika mkono msichana mmoja analia. Uliniona. Ukainua kiganja, ukaniambia subiri kidogo. Nikasubiri. Nilihesabu vigae vya sakafu kutoka hapa mpaka pale, nikavimaliza, nikaenda nyumbani. Mama wa jirani ndiye aliyenieleza, akanipa na kitambaa. Jioni ukaniuliza umekula? Nikakwambia nimekula."

Akavuta kiti chake mbele kidogo. 

"Sikuwahi kukasirika kwa sababu ulikuwa unasaidia watu. Ningekasirikaje? Kila mtu aliniambia nina bahati ya mama. Ila mimi mpaka leo nasubiri. Nina miaka ishirini na saba. Nimechoka kusubiri, na wewe umechoka kila ninapokupata. Ni hayo tu."

Duara likaitika, "Tumesikia." Sauti kumi na saba. Ya kumi na nane ilichelewa. Ilikuwa ya Mwalimu, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi sheria yake mwenyewe ilivyokuwa ngumu, maana alikuwa na mengi ya kujibu: kwamba alikuwa mjane, kwamba hakujua, kwamba yule msichana aliyelia siku ile alikuwa amefukuzwa kwao. Yote ya kweli, na yote hayakuwa na kazi hapo. 

"Nimesikia," akasema.

Kimya, alipotambua alichokifanya, alijifunika uso kwa daftari.

Mama na binti walifika kwa daktari saa kumi na moja. Karani alikuwa anafunga dirisha. Akawaambia daktari ameondoka, nafasi nyingine ni Jumanne saa tisa, akachomoa kalamu sikioni na kuandika. Wakakaa kwenye benchi la nje kwa sababu mama hakuweza kutembea tena kabla ya kupumzika.

"Ungeniambia," mama alisema baadaye kidogo.

"Lini, mama?"

Akatafuta jibu kwa uaminifu, akapitia miaka mmoja baada ya mwingine kama mtu anayepekua kabati, akakosa. "Kweli," akasema. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini hawakusema mtoto wa mganga afanyeje.

"Sikutaka kukuaibisha mbele ya watoto wako."

"Hukuniaibisha. Umenichosha tu, na mimi nilikuwa nimechoka tayari, kwa hiyo hakuna kilichoongezeka." Binti akacheka kidogo bila kupenda. Mama akaendelea, "Nisamehe, mwanangu. Sina maneno mazuri. Yale mazuri nimeyamalizia ukumbini."

Binti hakusema amesamehe. Alimshika mkono chini ya kwapa, akamwinua, wakaenda polepole.

Jumanne ilikuwa siku ya kikundi. Mama alipitia ukumbini mara moja tu, njiani kwenda kwa daktari, akawaambia vijana kwamba kuanzia leo atakuja Jumamosi tu. Siku nyingine Kimya ataongoza. Alitarajia wamwelewe. Wengine walimwelewa. Kimya alisimama na machozi.

"Ni kwa ajili yangu, Mwalimu? Kwa sababu nilimwita?"

"Ni kwa ajili ya miguu yangu na mwanangu. Wewe ulifanya kazi niliyokufundisha, na uliifanya vizuri kuliko nilivyotaka."

"Mimi sijui kufundisha."

"Na mimi sijui. Ufunguo anao mzee, utamwomba."

Haikwenda vizuri sana. Mwezi wa kwanza vijana walipungua kutoka kumi na saba hadi tisa. Wawili walimpita Mwalimu barabarani bila kumsalimia, na hilo lilimuuma kuliko vifundo. Mzee Funguo alisema Kimya anapiga kelele mno na hafagii. Daktari naye alisema mishipa imechoka, hakuna dawa ya maajabu, anyanyue miguu na apunguze kusimama; kwa mtu anayelishwa na kazi ya kusimama, hilo ni kama kumwambia samaki apunguze maji. Alipewa soksi za kubana ambazo kuzivaa kulihitaji watu wawili.

Basi binti alimvalisha asubuhi na kumvua alasiri. Ndivyo walivyojikuta, bila kupanga, wakikaa karibu kila siku. Mwanzoni ilikuwa kazi ngumu, maana hawakuwa na la kuzungumza. Siku ya tatu binti akasimulia, huku akivuta soksi, habari za mteja aliyeleta simu iliyoangukia kwenye sufuria ya uji, akaapa kilichoiharibu ni vumbi.

Mama alikuwa kwenye kiti, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisikiliza kwa makusudi, kama alivyowafundisha wengine kusikiliza. Uchovu ukamshinda. Kichwa kikamwangukia kifuani, akaanza kukoroma katikati ya kisa.

Binti akasimama. Akakunja soksi, akazitundika. Alikuwa anaelekea jikoni aliposikia nyuma yake sauti nzito ya usingizi.

"Usiende. Nimepitiwa. Umefika pale anapoapa ni vumbi."

Binti akarudi, akavuta kigoda karibu na ndoo, akaanza tena kuanzia hapo.