Kilo Moja Imeenda Wapi

Walimwita Kobe kwa namna alivyojificha nyuma ya glovu zake: shingo ndani, viwiko vimebana mbavu, mpaka mpinzani achoke kubisha hodi. Hapo ndipo kichwa kilipochomoza, na mkono wa kushoto ukafuata. Waliobisha hodi wengi walijuta. Mmoja alitoka ulingoni taya limefungwa kitambaa, akiongea kama mtoto anayeota meno.

Mchana Kobe alikuwa karani wa ghala katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi, msichana mpole mwenye miwani, ambaye madereva wa malori walimwita dada huku wakimfokea kuhusu misumari. Jioni alivua miwani akaenda kupigwa. Ukumbi wa ngumi ulikuwa wa baba yake. Zamani ilikuwa gereji, na sakafuni madoa ya oili yalikuwa yamechanganyika na madoa mengine ambayo hakuna aliyeuliza ni ya nini.

Baba mwenyewe alikuwa bondia enzi zake. Pua yake ililalia shavu la kushoto, na mkanda wa ubingwa aliukosa raundi ya mwisho, akiwa amesimama kwa miguu yake lakini hajui yuko wapi. Habari hiyo haikusimuliwa nyumbani. Ilijulikana tu, kama mtu anavyojua kigingi kilipo gizani.

Sasa chuo kimoja cha biashara ng'ambo kilikuwa kimemkubali Kobe, na ufadhili juu, kwa sharti moja: afanye vizuri sehemu ya hesabu ya mtihani wa kuingilia. Mtihani wa kwenye kompyuta, bila kikokotoo, swali likishapita limepita. Kobe alikuwa na shahada ya kwanza na kichwa kizuri. Alichokuwa anakosa ni kuacha. Katika ukumbi ule, kupokea ngumi usiijibu ilikuwa aibu, na tabia hiyo aliihamishia kwenye hesabu. Swali likimchapa, alilifuata. Alilifuata mpaka kona, akalishika koo, akaling'ang'ania, na muda wa maswali mengine yote ukawa unamwagika kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Baba mdogo ndiye aliyepata dawa. Huyu alikuwa mdogo wake baba, mshika ndoo na taulo wa kona yao, mtu mwembamba mwenye maneno mengi.

"Raundi ya wanawake ni dakika mbili," alisema. "Na swali lako moja, dakika ngapi?"

"Kwa wastani, mbili."

"Basi tatizo liko wapi, mwanangu? Kengele si ipo?"

Wakaanza. Kobe aliketi kwenye benchi, kitabu mapajani, na baba akagonga kengele. Alipokuwa akikokotoa uwiano wa maji na maziwa, baba mdogo alimtwanga mabegani kwa pedi ya mazoezi. Kengele ikilia tena ilikuwa lazima kalamu ishuke, jibu liwepo lisiwepo. Asipoishusha, baba alimrushia tumboni lile jipira zito la mazoezi.

"Acha hilo! Limekwisha kufa!" baba mdogo alipiga kelele. "Unapigana na maiti!"

Wino wa kitabu ulichanganyika na jasho, na siku moja na damu ya puani. Lakini kalamu ilianza kushuka.

Kisha baba akaleta habari. Alikuwa amekubali pambano la mkanda, wiki tatu kabla ya mtihani. Hakuwa amemuuliza mtu.

"Baba," Kobe alisema, "kichwa ninachopigwa ndicho hichohicho ninachosomea."

"Mimi nimepigwa maisha yangu yote, na jina la mama yako nalijua."

"Unamwita kwa jina la shangazi," baba mdogo alidakia.

Hakuna aliyecheka sana. Nyuma ya ukumbi, nyumba ya tatu, alikuwapo kijana aliyewahi kufanya mazoezi kwenye benchi lilelile. Pambano lake la mwisho, watu wa kona yake walimuuliza leo siku gani, akajibu sawasawa, wakamrudisha ulingoni. Hadi leo mama yake anamlisha kwa kijiko, anampangusa kidevu, na milio ya kengele ikisikika jioni yeye huinua mikono kujikinga.

Kobe alikubali kupigana, kwa sharti lake. "Ukiulizwa siku ya wiki, mdomo hujibu wenyewe, kichwa kikiwa kimelala. Kila mapumziko uniulize hesabu. Nikikosea, mrushe taulo, pambano liishe."

"Taulo," baba alisema. Wakapeana mikono.

Hesabu yenyewe baba aliichagua kwenye kitabu cha Kobe, kwa kuwa ilimhusu bondia, na bahati mbaya ikawa ugonjwa wake. Bondia ana kilo mia. Anapungua asilimia kumi, kisha anaongezeka asilimia kumi. Sasa ana kilo ngapi? Alimuuliza fundi viatu, alimuuliza muuza mkaa. Wote wakasema mia, na wote wakapigwa kofi la mgongo. "Tisini na tisa! Kumi ya mia ni kumi, lakini kumi ya tisini ni tisa! Kilo moja imeenda wapi, mzee?" Siku ya kwanza Kobe mwenyewe aliingia mtegoni. Tangu hapo angeweza kuijibu akiwa usingizini.

Mpinzani aliitwa Mkasi. Kazi yake ilikuwa kusuka nywele, na vidole vyake vilikuwa virefu, vyenye nguvu ya kuvuta. Walipopimwa uzito alimtazama Kobe kichwani kama anayetazama mteja.

"Karibu nikusuke, dada," alisema. "Kwangu hakuna foleni."

Raundi za mwanzo zilikuwa za Kobe. Alijifungia, akasubiri, akachomoza. Mkono wa kushoto ulifungua ngozi juu ya jicho la Mkasi, na msusi akawa anapangusa damu kwa bega huku anatabasamu. Kila mapumziko baba aliuliza, kila mapumziko Kobe akajibu tisini na tisa, na baba mdogo akaliacha taulo shingoni.

Kisha Mkasi akaacha kubisha hodi mlangoni, akaanza kubomoa ukuta. Alipiga mikono yenyewe, viwiko, mabega, mpaka glovu za Kobe zikashuka upana wa kidole. Palipotosha kidole pakapita ngumi. Ilimpata Kobe nyuma ya sikio. Haikuuma. Sauti za watu zilihama tu, zikawa kama zinatoka chini ya beseni. Ya pili ikavunja pua, akaisikia ikilia ndani ya kichwa kama kijiti kikavu. Kengele ndiyo iliyomwokoa.

Alikaa kwenye stuli. Baba mdogo alimtia pamba puani. Baba alipiga magoti mbele yake.

"Bondia ana kilo mia. Anapungua asilimia kumi, anaongezeka asilimia kumi. Sasa ana ngapi?"

"Mia," alisema Kobe.

Baba alimtazama. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akamrudishia kinga ya meno mdomoni.

"Imebaki moja tu. Nenda."

Baba mdogo alikuwa ameshika taulo kwa mikono miwili. "Kaka," alisema. "Kaka!"

"Kaa kimya."

Kobe akaenda. Mkasi alimpokea kwa ngumi ya tumbo, akamkunja, akamnyoosha kwa ngumi ya kidevu. Damu iliruka mpaka kwenye kamba. Kobe alirudisha moja, ya hasira, ikampata msusi palepale juu ya jicho, na ukumbi mzima ukasimama. Ubingwa ulikuwa pale, hatua moja, ukimsubiri amfuate mtu hadi kona kama alivyofundishwa.

Hapo ndipo hesabu ilipomrudia, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Kumi ya mia ni kumi. Kumi ya tisini ni tisa. Tisini na tisa. Alikuwa amekosea. Na aliyemuuliza alijua.

Alipiga goti moja.

"Simama!" baba alifoka. "Simama, hajakupiga!"

Mwamuzi alianza kuhesabu, vidole mbele ya macho yake. Kobe alivifuata kimoja kimoja, na vyote alivielewa. Kwenye nane miguu ilikuwa tayari. Aliituliza. Kumi ikapita.

Katika chumba cha kubadilishia nguo baba alipiga ngumi mlango wa kabati hadi ukabonyea.

"Ulikuwa unaweza kusimama!"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini hukusimama?"

Kobe alitema damu kwenye ndoo. "Kilo moja imeenda wapi, Baba?"

Mzee alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, baba mdogo aliinua lile taulo lililolowa ambalo hakulirusha, akamchapa nalo kaka yake usoni, kwa nguvu zote, na pua ile iliyolala ikaanza kutoka damu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Baba hakujikinga. Hakurudisha.

Daktari alimkataza vitabu hadi kizunguzungu kiishe. Siku ya mtihani Kobe aliingia na bandeji puani, na mlinzi wa mlangoni akamuuliza kwa upole kama ni mume aliyempiga. Maswali yalikuja. Moja lilimchapa vibaya, la treni mbili na daraja. Alilitazama, akasikia kengele kichwani, akabonyeza jibu lolote akaenda zake. Liliishia nyuma yake likiwa hai, na yeye akiwa hai.

Alipotoka, matokeo yakiwa yamekwisha kujitokeza kwenye kioo cha kompyuta, baba alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje. Hakuwa ameonekana ukumbini tangu pambano.

"Yametosha?" aliuliza, bila kuinua macho.

"Yametosha."

Mzee aliangalia mikono yake, ile iliyopiga mlango wa kabati.

"Tisini na tisa," alisema.

Kobe alirekebisha miwani yake juu ya bandeji, akateremka ngazi.